Shajara ya mradi: kuusaka mtama unaohimili kiduha kwa vipimo vya makundi

12 Januari

Orodha ya mbegu imekamilika leo. Tuna aina 1,152 za mtama wa kienyeji, nyingi asili yake ni mashamba ya Busia, Siaya, Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya, na zilizobaki ni za Ukambani na Tharaka. Idadi hiyo tuliichagua makusudi: ni sahani 12 za maabara zenye vishimo 96 kila moja, na sahani 12 ndizo zinazotosha kwenye rafu tuliyopewa ndani ya friza bila kugombana na wenzetu wa chumba cha pili.

Kwa wasioujua mradi: kiduha, ambacho wakulima wa Nyanza hukiita kayongo, ni gugu linalojipachika kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kuinyonya. Mbegu zake ni ndogo mno na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Haziamki mpaka zihisi kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mizizi ya mtama wenyewe huzitoa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, wakiongozwa na Daniel Gobena, walionyesha kwamba mtama uliopoteza jeni iitwayo LGS1, iliyoko kwenye kromosomu ya 5, hubadilisha aina ya strigolaktoni inayotoka mizizini. Badala ya 5-deoksistrigoli, ambayo huiamsha sana mbegu ya kiduha, hutoka zaidi orobankoli, na mbegu nyingi hubaki zimelala. Katika kundi hilo alikuwemo Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama.

Swali letu ni jepesi kulitamka: kati ya hizi 1,152, ni zipi zina pengo mahali pa LGS1, yaani kipande hicho cha DNA hakipo? Kuzipima moja moja kunataka vipimo 1,152 vya PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, na fedha za vitendanishi hazifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo tutachanganya DNA za mimea mingi katika mrija mmoja, tupime mchanganyiko, kisha turudi kumtafuta mwenyewe.

15 Januari

Kabla ya hesabu yoyote, kuna kikwazo ambacho kingeweza kuua mradi mezani. Kipimo cha kawaida cha jeni huonyesha mstari kwenye jeli (ute unaotenganisha vipande vya DNA kwa umeme) kama jeni ipo, na huonyesha kitupu kama haipo. Kwa mmea mmoja hilo linatosha. Kwa kundi halifai hata kidogo, maana katika kwaya ya watu 24 humsikii aliyefunga mdomo. Mimea 23 yenye LGS1 itatoa mstari mzuri, na mmoja asiye nayo atajificha nyuma yao.

Kutokuwepo kwa jeni lazima kugeuzwe kuwe kitu kinachoonekana. Bahati nzuri, mapengo makubwa yanayojulikana ya LGS1 yana urefu wa takriban besi (herufi za DNA) 30,000 na kingo zake zimeshasomwa. Ukiweka praima moja (kipande kifupi cha DNA kinachoiambia PCR ianzie wapi) upande huu wa pengo na nyingine upande wa pili, mmea wenye LGS1 nzima hautoi chochote, kwa sababu kimeng'enya cha kawaida cha PCR hakiwezi kuvuka umbali wote huo. Mmea wenye pengo, ambao kingo mbili zimeungana, hutoa kipande kifupi na mstari unaonekana. Sasa anayeimba ni yule tunayemtafuta, na wengine 23 ndio walionyamaza.

Gharama ya hila hii tunaijua. Kila pengo linataka jozi yake ya praima, na mtama ulioharibika LGS1 kwa badiliko dogo ndani ya jeni yenyewe hatutauona kabisa. Tumekubaliana kuishi na hilo. Nani anajua, pengine mradi mwingine utakuja na fedha za kusoma mfuatano mzima.

22 Januari

Siku ya hesabu. Nimeshinda nayo, na nimefurahi kuliko ninavyopaswa.

Wazo la kupima kwa makundi ni la Robert Dorfman, Mmarekani aliyeliandika mwaka 1943 akifikiria vipimo vya kaswende kwa vijana walioandikishwa jeshini. Changanya sampuli za watu kadhaa, pima mara moja. Likiwa hasi, wote wameachiliwa. Likiwa chanya, pima kila mmoja. Ukubwa wa kundi unategemea kiwango cha chanya katika umma. Kikiwa 1 kwa 100, kundi bora ni la watu 11, na vipimo hushuka mpaka kama moja ya tano ya vile vya mtu mmoja mmoja. Kiwango kikizidi kama 30 kwa 100, acha kabisa, pima kila mtu.

Kwetu kundi la 11 halina maana, kwa sababu sahani ina vishimo 12 kwa mlalo. Tukichukua kila mlalo kuwa kundi, tunapata makundi 96. Kwa kiwango cha 1 kwa 100, makundi kama 11 yatakuwa chanya, na kuyafungua kunaongeza vipimo 131. Jumla 227.

Halafu kuna njia ambayo wachoraji wa ramani za jenomu waliipenda sana miaka ya 1990, walipokuwa wakitafuta kipande kimoja cha DNA ndani ya maktaba ya makumi ya maelfu ya kloni (vipande vya DNA vilivyonakiliwa na kuhifadhiwa). Unachanganya kila sahani nzima kuwa kundi, kisha kila mlalo kupitia sahani zote, kisha kila wima kupitia sahani zote. Kwetu ni sahani 12, milalo 8, wima 12. Makundi 32 tu! Kila mmea una anwani ya sehemu tatu, na ukijua sahani, mlalo na wima, umempata.

Nilipoiona 32 nilikaribia kumpigia msimamizi simu. Lakini anwani ya sehemu tatu inafanya kazi ikiwa mwenye nyumba ni mmoja. Wakiwa wawili, walio sahani tofauti, milalo tofauti na wima tofauti, unapata makutano 8, na 6 kati yake ni ya uongo. Kwa kiwango cha 1 kwa 100 tunategemea chanya 11 au 12, na hapo kama theluthi mbili ya makundi yanawaka. Programu yangu ndogo ya Python inasema washukiwa, yaani mimea ya kupimwa mmoja mmoja, watabaki kama 360. Ukijumlisha na makundi 32 ya mwanzo unakaribia vipimo 400, mbaya kuliko Dorfman wa mwaka 1943.

Njia ya tatu iko katikati. Panga sahani nne mraba, mbili juu na mbili chini, upate jedwali la milalo 16 na wima 24. Kila mlalo ni kundi la mimea 24, kila wima ni kundi la mimea 16. Jedwali moja lina makundi 40, na majedwali matatu yanameza mimea yote. Makundi 120, washukiwa wanaotegemewa 44, jumla 164. Nadharia ya habari inasema kwamba kwa kiwango hicho hakuna mpango, hata uwe wa kijini namna gani, unaoweza kushuka kwa wastani chini ya vipimo 93. Kwa hiyo 164 si haba.

Sasa badilisha kiwango kiwe 1 kwa 1,000 na kila kitu kinapinduka. Njia ya anwani tatu inashuka mpaka kama vipimo 37, Dorfman wa milalo anabaki 110, na jedwali linakuwa la mwisho kwa 122. Mshindi anategemea namba ambayo ndiyo hasa tunaitafuta.

Tumejadiliana sana jioni. Hoja iliyoshinda ni hii: tukichagua jedwali na kiwango kikawa kidogo, tunapoteza vipimo kama 85. Tukichagua anwani tatu na kiwango kikawa kikubwa, tunapoteza zaidi ya 230, na pia tunapoteza imani ya kila mtu. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 umeonyesha kwamba mitama ya kienyeji ya Afrika iliyopoteza LGS1 inapatikana zaidi mahali ambapo kiduha kimezoea kushambulia. Mbegu zetu nyingi zimetoka huko huko. Tunaenda na jedwali.

3 Februari

Wiki iliyopita nilijaribu kurudi nyuma. Nilikuwa nimesoma kuhusu mipango ambayo hupima mara moja tu, bila awamu ya pili. Kautz na Singleton waliweka msingi wake mwaka 1964: panga nani aingie kundi gani kwa namna ambayo orodha ya makundi ya mmea mmoja haiwezi kufunikwa na orodha za wengine wachache zikijumlishwa pamoja. Hapo matokeo yanajisoma yenyewe. Mwaka 2006 Nicolas Thierry-Mieg alitoa mpango maridadi unaosogeza sampuli kwa mahesabu ya namba tasa, na mwaka 2009 Yaniv Erlich na wenzake wakatumia kanuni ya kale ya Kichina ya mabaki kwa makumi ya maelfu ya kloni. Nikachora mpango wangu, kila mmea katika makundi 6. Ulipendeza kwenye skrini.

Nikampelekea fundi wetu wa maabara, mama aliyeanza kushika pipeti mimi nikiwa shule ya msingi. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hesabu yako haijawahi kushika pipeti."

"Kwa nini, Mama?"

"Mmea huu unaenda kundi la 3, la 19, la 40. Jirani yake la 7, la 22, la 31. Pipeti yangu ya midomo 8 nitaitia wapi?"

Alikuwa na haki. Mimea 1,152 mara 6 ni kuhamisha 6,912, kishimo kimoja kimoja, bila mpangilio ambao jicho linaweza kuufuata. Kazi hiyo ni ya roboti, na walioiandika walikuwa na roboti. Jedwali, kwa upande wake, linafuata umbo la sahani. Pipeti ya midomo 8 inachukua wima mzima kwa mpigo, na mipigo 24 inakamilisha makundi 8 ya mlalo. Kwa jedwali moja ni mipigo 48 ya midomo 8 na mipigo 32 ya midomo 12. Jumla mipigo 80, na kwa majedwali yote matatu 240.

Uwezekano wa kukosea katika mipigo 240 iliyonyooka na katika 6,912 iliyotawanyika haulingani hata kwa mbali. Ncha za pipeti nazo ni fedha. Tangu siku hiyo, kila mpango ninaouchora una safu moja ya ziada kwenye Excel: mipigo.

10 Februari

Praima zimefika. Umeme ulipotea mchana, jenereta ikashika, friza hazikuguswa. Hakuna jingine.

19 Februari

Mjadala wa mpangilio wa mbegu ndani ya sahani. Mwenzetu wa takwimu, anayekuja kutoka Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alitaka tuzichanganye mbegu kwa kura kabla ya kuzipanga. Ni desturi njema, na katika majaribio ya shambani ningekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Hapa nilikataa, na nadhani sababu inafaa kuandikwa.

Mbegu kutoka benki ya jeni ya Muguga zimekuja zikifuatana kwa eneo: za Busia pamoja, za Siaya pamoja. Kama pengo la LGS1 limeenea kijiji fulani kwa sababu wakulima wamebadilishana mbegu, chanya zitakaa karibu karibu. Chanya 4 zilizotawanyika kwenye jedwali zinawasha milalo 4 na wima 4, na kutuachia washukiwa 16. Chanya 4 zilizo kwenye mlalo mmoja zinawasha mlalo 1 na wima 4, washukiwa 4, wote wa kweli. Ujirani unatusaidia. Kuchanganya kwa kura kungetupa mikononi mwa ile hali ya kubahatisha tuliyoipigia hesabu, wakati pengine maumbile yenyewe yameshatupunguzia kazi.

Alikubali kwa masharti mawili, na yote ni ya haki. Kwanza, tusijaribu kukadiria kiwango cha nchi nzima kwa kuhesabu makundi yaliyowaka, kwa sababu fomula ile hudhani kila mmea unajitegemea. Pili, chanya zilizo vishimo jirani zinaweza kuwa undugu wa kijiji au zinaweza kuwa tone lililoruka wakati wa kufungua kifuniko. Kwa hiyo kila chanya itarudiwa kutoka jani jipya, DNA mpya, sahani nyingine.

Pia tumeafikiana kwamba DNA ni ya mmea mmoja kwa kila aina, na tutaandika hivyo kila mahali. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini mbegu za mkulima ni mchanganyiko. Aina ikitoka hasi, maana yake ni kwamba mmea ule mmoja ulikuwa hasi.

4 Machi

DNA ya mtama inachosha. Majani yana polifenoli nyingi, na zikibaki kwenye sampuli huizuia PCR. Kuchanganya kunasaidia hapa kidogo, kwa kuwa mchafu mmoja kati ya 24 anazimuliwa. Lakini kuna upande wa pili ambao nilikuwa sijaupa uzito. Kishimo ambacho DNA haikutoka kabisa, ndani ya kundi hakionekani. Kundi lina jeni ya kudhibiti ambayo kila mtama anayo, na jeni hiyo itawaka kwa nguvu ya mimea 23 iliyobaki. Ni tatizo lile lile la Januari limerudi kwa mlango wa nyuma: aliyenyamaza hasikiki.

Hakuna ujanja wa mpangilio unaoondoa hili. Lazima kila sampuli ipimwe wingi wa DNA kabla ya kuchanganywa, kisha zote zisawazishwe. Ni vipimo 1,152 vya rangi ya mng'ao, vya bei nafuu kuliko PCR lakini vinavyokula siku. Kwenye makala za hisabati sikumbuki kuona mtu akivihesabu. Nimeviongeza kwenye safu ile ile ya mipigo, na faida tuliyojivunia mwezi Januari imepungua. Bado ipo, ila haina tena majigambo.

Hesabu ya kuzimua, kwa faida ya atakayerithi kazi hii: jenomu ya mtama ina besi takriban milioni 730, yaani nakala moja ina uzito wa kama pikogramu 0.75. Nanogramu 10 za DNA ni nakala 13,000 na kidogo. Mmea mmoja wenye pengo ndani ya kundi la 24 anachangia nakala 550 hivi. Ndani ya kundi la 144, ambalo ndilo lingekuwa mlalo wa njia ya anwani tatu, zingebaki kama 90. PCR ingeziona zote mbili kwenye siku nzuri, lakini siku za maabara si zote nzuri.

17 Machi

Jaribio la kufumba macho. Fundi alichukua BTx623, mtama ambao jenomu yake ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2009 na ambao LGS1 yake ni nzima, akajaza jedwali zima la vishimo 384. Kisha akaficha humo DNA ya SRN39, mtama unaohimili kiduha na ambao pengo lake tunalijua. Vishimo vinne aliviweka kwa nguvu kamili. Cha tano, kwa ukatili wake mwenyewe, alikizimua mara 50. Ramani akaitia bahasha na bahasha mfukoni.

Jeli ya kwanza: milalo 4 imewaka, wima 5 zimewaka, wa tano kwa mstari hafifu ambao wawili kati yetu waliuona na mmoja akaukana. Makutano 20. Tukapima yote 20. Chanya 4, safi, zote mahali pake.

Lakini wima wa tano ulibaki bila mwenyewe. Makutano yake manne na milalo iliyowaka yalikuwa hasi yote. Hapa ndipo nilipoupenda mpango huu zaidi kuliko nilivyoupenda kwenye karatasi: kundi chanya lazima liwe na mmea wa kulieleza, na likikosa, kuna aliyepotea. Tukafungua vishimo 12 vilivyobaki vya wima ule, na yule aliyezimuliwa akajitokeza. Katika mlalo wa mimea 24 alikuwa na nakala kama 11, katika wima wa 16 kama 17. Huo ndio mpaka wetu, na sasa tunaujua kwa macho.

Kwa Dorfman wa kundi moja tu, mmea ambao kundi lake halikuwaka umekwisha, hakuna wa kukukumbusha. Katika jedwali kila mmea una mashahidi wawili. Ningelipa hata vipimo vya ziada kwa ajili hiyo peke yake.

Fundi alifungua bahasha, akatazama, akasema tu, "Haya, na chai je?"

26 Machi

Kanuni zilizobandikwa ukutani kuanzia leo, kwa mwandiko wa fundi na si wangu: mstari hafifu ni chanya mpaka uthibitishwe vingine, wima au mlalo usio na mwenyewe hufunguliwa wote, sampuli yenye DNA pungufu haiingii kundini, huenda sahani ya kando na kupimwa peke yake. Sahani ya kando ina vishimo 61 hadi sasa, vingi vya mbegu za Tharaka ambazo majani yake yalichukuliwa yakiwa yamekomaa mno. Tutaotesha tena.

Jedwali la kwanza la mbegu zenyewe linaanza Jumanne, la Busia na Siaya. Limebaki jambo moja la kuamua kabla ya hapo: kama jozi za praima za mapengo tofauti ziingie mrija mmoja au kila moja kivyake. Mrija mmoja unatubakizia makundi 120. Kila moja kivyake inayazidisha kwa idadi ya jozi, na bajeti yote inarudi mezani. Kesho tunajaribu jozi zote pamoja juu ya SRN39 na BTx623. Zikigombana, nitaandika hapa.